Mganga Hajigangi: Uhakiki wa Maneno Wanayoambiwa Watumishi wa Afya Wakati wa Dharura

Yanapozuka maradhi ya kuambukiza, macho ya watu huelekea kwa wagonjwa, na ndivyo ipasavyo. Lakini ubavuni mwa kila mgonjwa yuko muuguzi, yuko mpimaji wa maabara, yuko dereva wa gari la wagonjwa, wako wazikaji, na yuko yule mtumishi apitaye nyumba kwa nyumba akiuliza nani kaumwa na nani kagusana na nani. Zamani watu hawa walihesabiwa pamoja na dawa na vitanda, kama kwamba wao wenyewe hawana kifua kinachoweza kujaa. Siku hizi imekubaliwa kuwa nao huumia pasipoonekana jeraha, na miongozo mingi imeandikwa ili kuwasaidia, aghalabu kwa Kiingereza au Kifaransa kwanza, kisha ikatiwa katika Kiswahili.

Utabibu wa miongozo hiyo una wenyewe wa kuupima. Linalopimwa hapa ni Kiswahili chake: je, maneno waliyopewa watumishi yanaiweza kazi yaliyotumwa? Wala hili si jambo la mapambo ya lugha. Mtu asiyekuwa na neno la kuitaja dhiki yake bila ya kujifedhehesha hunyamaza. Na anyamazaye katika wodi ya maradhi ya hatari huweza kukosea namna ya kuvua glavu, akajidhuru yeye na kuwadhuru wenziwe. Istilahi mbovu mahali hapa ina gharama, na gharama hiyo hulipwa na watu.

Hesabu chache zatosha kuonyesha uzito wa jambo lenyewe. Katika Ebola iliyozikumba Guinea, Liberia na Sierra Leone, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2015 kwamba hatari ya mtumishi wa afya kuambukizwa ilikuwa mara 21 hadi 32 ya hatari ya mtu mzima mwingine, kwa kadiri ya kazi yake. Nchini China, uchunguzi uliofanywa mwanzoni mwa mwaka 2020 kwa watumishi 1,257 wa hospitali 34 ulikuta dalili za sonona kwa asilimia 50.4 yao, za wasiwasi kwa asilimia 44.6, na za kukosa usingizi kwa asilimia 34. Shirika hilohilo lilikadiria kuwa tangu Januari 2020 hadi Mei 2021 watumishi wapatao 115,000 duniani walikufa kwa UVIKO-19. Hapa karibu, katika Ebola ya Uganda ya mwaka 2022, watumishi 19 waliambukizwa na 7 wakafa, na mmoja wao alikuwa daktari Mtanzania aliyekwenda huko kuzidisha elimu ya upasuaji. Mwaka 2023 Marburg ilipozuka Bukoba, waliokufa walikuwa 6, na mtumishi wa afya alikuwamo. Kila hesabu ya namna hii ina watu walioachwa hai, waliorudi zamu kesho yake wakakikuta kiti cha mwenzao kitupu. Hao ndio wanaosemwa na miongozo.

Neno la kwanza la kuhakikiwa ni lile linaloubeba uwanja wote, yaani «afya ya akili». Limeundwa kwa uaminifu kutoka lugha za kigeni, na katika sheria na utabibu limekwisha kukaa. Lakini akili katika Kiswahili haina mipaka ileile. Akili ni kipawa cha kufahamu, kupambanua na kutenda kwa busara. Mwenye akili husifiwa. Asiye na akili hutukanwa. «Ugonjwa wa akili» masikioni mwa watu ni wazimu, na majina ya Mirembe na Mathari, ambazo ni hospitali zifanyazo kazi ya kuheshimika, yamefanywa mithali ya kumdhihaki mtu. Basi muuguzi aliyekaa siku ishirini karibu na vifo, asiyelala na asiyeweza kula, akiambiwa kwamba kuna huduma ya akili iliyoandaliwa kwa ajili yake, husikia kuwa uwezo wake wa kupambanua umetiwa shaka. Hujibu, kwa haki, kwamba akili yake ni timamu. Na kweli ni timamu. Kilichoumia ni kitu kingine.

Kitu hicho Kiswahili kilikwisha kukipa makao zamani, nayo ni moyo. Moyo huvunjika, hushuka, huwa mzito, hufa, kisha hutulizwa, hupozwa na kutiwa nguvu. Ukitoka katika moyo, lugha ina akiba ya maneno yaliyopambanuliwa kwa makini kuliko inavyodhaniwa. Kihoro ni majonzi yampatayo mtu kwa kupotelewa. Kiwewe ni kuchanganyikiwa kwa mshituko. Fadhaa ni kukosa utulivu kwa ghafula. Jakamoyo ni mahangaiko yasiyompa mtu raha. Dukuduku ni neno lililofungwa kifuani lisilopata njia ya kutokea. Kusononeka ni kuumia kwa ndani, tena kwa muda. Mganga ajuaye kutenga dalili hawezi kuyadharau maneno haya, maana kila moja limetenga dalili yake.

La ajabu zaidi kuliko utajiri huu wa maneno ni sarufi yake. Husemwa kwamba mtu ameingiwa na hofu, ameshikwa na kiwewe, amepatwa na kihoro, amejawa na simanzi, ameelemewa na mzigo. Katika mifano yote hii kitenzi kina kiambishi cha kutendwa, na kile kilichotajwa baada ya «na» ndicho mtenda. Hofu huingia, kiwewe hushika, mzigo huelemea. Mtu ni aliyefikiwa. Ni kweli kwamba husemwa pia «ana wasiwasi» au «ana huzuni», lakini hata hapo huzuni ni kitu alicho nacho, na kitu ulicho nacho chaweza kukuondoka. Lugha, kwa umbo lake lenyewe, imekataa kumfanya mtu kuwa kisababu cha dhiki yake. Linganisha na «mgonjwa wa akili», ambapo mtu mzima amegeuka kuwa jina la ugonjwa. Mwongozo uliochagua jina ukaacha kitenzi umeitupa hidaya ambayo lugha ilikuwa imeiandaa.

Istilahi ya pili ni «msongo wa mawazo». Hapa wafasiri walifanya vizuri nusu ya njia. Kitenzi «songa» kina picha ya kubanwa na kukamuliwa, na hakuna aliyevaa nguo za kujikinga na Ebola katika jua la saa saba asiyeifahamu picha hiyo. Kosa limo katika sehemu ya pili. Kwa kuongeza «wa mawazo», kinachosonga kimehamishwa kutoka duniani kikatiwa kichwani. Mtumishi husongwa na joto, na zamu zisizokwisha, na upungufu wa vifaa, na mshahara uliochelewa. Mwaka 2014 huko Sierra Leone wako watumishi wa Ebola waliogoma kwa kuwa posho zao za hatari hazikulipwa. Dawa ya msongo ule haikuwa kupumua taratibu, ilikuwa kulipwa. Neno linaloficha chanzo humsaidia mwenye deni kuliko mdai.

Hayo ndiyo yaliyolipata pia jina la ile hali ambayo wataalamu huieleza kwa mfano wa kitu kilichoungua mpaka kikabaki majivu. Katika orodha yake mpya ya maradhi, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani limeifafanua kuwa ni hali ya kazini, si ugonjwa, itokanayo na msongo wa kazi usioshughulikiwa. Ina sehemu tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kwa moyo uliokufa ganzi au uliojaa kejeli, na kupungua kwa ufanisi. Miongozo ya Kiswahili mara nyingi husema tu «uchovu». Lakini uchovu ni jambo liondokalo kwa kulala. Mwenye hali hii hulala na kuamka vilevile. Ameikinai kazi aliyoipenda, na huwaona wagonjwa kama namba. Hapa tena mnyambuliko wa vitenzi ungetosha kuleta nuru. «Aliyechoka» aweza kwenda kupumzika, na habari ikaishia hapo. «Aliyechoshwa» yuko aliyemchosha, na msikilizaji hana budi kuuliza ni nani. Tofauti ni ya viambishi viwili tu, lakini ndani yake imo tofauti kati ya likizo na mageuzi ya kazi.

Kutoka majina ya dhiki yafaa kwenda kwenye majina ya msaada. Neno lililotawala ni «ushauri nasaha», lililoenea sana katika Afrika ya Mashariki kwa njia ya upimaji wa UKIMWI. Lina ila mbili. Ya kwanza ni ukumbusho wa chumba kile na hofu yake, ambao haujafutika. Ya pili ni ya maana. Kushauri na kunasihi ni kazi za mwenye kusema: mkubwa humnasihi mdogo, ajuaye humwonya asiyejua. Lakini msaada unaokusudiwa sasa ni wa namna nyingine kabisa. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, uliotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani pamoja na War Trauma Foundation na World Vision International, umejengwa juu ya matendo matatu: kutazama, kusikiliza, na kumfikisha mtu kwenye msaada anaouhitaji. Nasaha haimo. Tena mwongozo huo unakataza kumshurutisha mtu kusimulia yaliyompata, na una sababu. Ulikuwako mtindo wa kuwakusanya watumishi mara baada ya msiba na kumtaka kila mmoja aeleze aliyoyaona na jinsi alivyohisi. Tathmini ya majaribio mbalimbali iliyotolewa mwaka 2002 ilionyesha kwamba kikao kimoja cha namna hiyo hakimkingi mtu na madhara ya baadaye, na chaweza hata kumzidishia. Waswahili husema mtu hutoa dukuduku lake. Hutoa mwenyewe, halikamuliwi kama jipu.

Mwandishi wa Kiswahili asingekosa maneno ya kulieleza jambo hili kama angeyatafuta nyumbani. Kuliwaza, kufariji, kutuliza, kupoza moyo: haya yote humweka msaidizi kando ya mtu, si juu yake. Liko pia neno «pole», ambalo wageni hulisumbukia kwa kukosa mfano wake katika lugha zao. Asemaye «pole na kazi» hakiri kosa, hatoi ushauri, wala haulizi swali. Anashuhudia tu kwamba mzigo upo na kwamba ameuona. Ni kutazama na kusikiliza katika neno moja. Hapana shaka neno hili limechakaa kwa kutumiwa kama salamu, na mkuu wa kazi aweza kulisema huku akipita. Hata hivyo ni ajabu kuona mwongozo unaotumia kurasa kadhaa kumfundisha Mswahili kuonyesha kuwa ameitambua dhiki ya mwenziwe, bila ya kulitaja neno ambalo alifundishwa na mama yake.

Wako jirani waliotangulia katika njia hii. Huko Harare, Daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 benchi la urafiki, ambapo wanawake wazee waliofundishwa huketi na wenye dhiki na kuwasikiliza. Jina la kwanza, lililotaja afya ya akili, liliwafukuza watu. Wazee wenyewe ndio waliotaka libadilishwe. Tena hawakuuliza juu ya maradhi, waliuliza juu ya «kufungisisa», neno la Kishona lenye maana ya kufikiri kupita kiasi. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalithibitisha kuwa waliopata msaada huo walipungukiwa na dalili kuliko waliopata huduma ya kawaida, na mpango wenyewe umefika hadi Malawi na Zanzibar. Katika Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, watu hawakungoja kamati ya istilahi. Kinyarwanda kilitoa neno «ihahamuka», lenye picha ya mtu aliyekatika pumzi kwa hofu, na likaingia hata katika vitabu vya waganga. Mifano yote miwili haikuanza kwa ajili ya watumishi wa afya, lakini funzo lake linawahusu: mlango ukiitwa kwa jina la aibu hauingiwi, hata ukiwa wazi.

Mahali ambapo kasoro hizi zote zilikutana ni mashariki ya Kongo. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu ya Kaskazini, na kuenea hadi Ituri, ilidumu mpaka tarehe 25 Juni 2020. Wagonjwa walikuwa 3,470 na waliokufa 2,287. Beni, Butembo, Katwa na Mabalako ni miji na maeneo ambayo Kiswahili ni lugha ya soko na ya barabara. Ni Kiswahili chenye njia zake: ngeli zimepunguzwa, Kifaransa kimeingia kwa wingi, na mtu husema «niko na mawazo mingi» bila ya kusahihishwa na yeyote. Maandishi yaliyoletwa kwa Kiswahili sanifu cha Dar es Salaam au Nairobi yalisomwa kama lugha ya wageni, na pale Kiswahili kilipokosekana kilitumika Kifaransa. Neno lililoshika mizizi lilikuwa «riposte», jina la mapambano yenyewe, ambalo katika Kifaransa ni pigo la kujibu pigo katika mchezo wa vitara. Watumishi wakawa «watu wa riposte». Na katika nchi iliyochoka vita, mtu wa pigo hupokewa kama mtu wa pigo. Tarehe 19 Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya chuo kikuu huko Butembo, na Novemba ya mwaka huo watumishi wengine waliuawa usiku kambini Biakato.

Haidaiwi hapa kwamba neno moja ndilo lililoua. Vita, siasa na fedha nyingi zilizomiminwa ghafula mahali palipozoea kusahauliwa zilikuwa sababu kubwa zaidi. Lakini wengi wa watumishi wale walikuwa watoto wa miji hiyohiyo. Jioni walirudi kwa jirani waliowashuku kuwa wanaila biashara ya Ebola. Dhiki yao haikuwa hofu ya kirusi peke yake. Ilikuwa ya kukataliwa na watu wao. Dhiki hiyo «msongo wa mawazo» haiielezi, wala «kiwewe» hakiifikii. Karibu zaidi lingekuwa jeraha la dhamiri, yaani maumivu ya mtu aliyelazimishwa na hali kutenda, au kuacha kutenda, kinyume cha ayaaminiyo: kumzuia mama asiuguse mwili wa mwanawe, na kujua kwamba ni lazima. Hakuna mwongozo utakaomfaa mtumishi wa namna hii usiomruhusu kuyasema hayo kwa Kiswahili anachokiota.

Limebaki neno la sifa. Tangu mwaka 2020 mtumishi wa afya ameitwa «shujaa» katika mabango, hotuba na nyimbo. Nia ni njema, na anayestahili sifa asinyimwe. Lakini Waswahili walikwisha kulipima neno hilo: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Shujaa hatarajiwi kulalamika wala kuomba zamu yake ipunguzwe, na taji alilovikwa humziba mdomo. Juu yake huja mafunzo ya zamani kwamba kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana. Methali hiyo iliwafaa watu ambao hawakuwa na wa kumlilia. Mtumishi wa leo ana mwajiri, na kimya chake si uungwana. Ni taarifa iliyokosekana.

Hapo ndipo ilipo kasoro kubwa kuliko zote, nayo ni ya kisarufi. Vitenzi vinavyopendwa na miongozo ni kujitunza, kujijali, kujipumzisha, kujitambua. Kiambishi -ji- humfanya mtu mmoja kuwa mtenda na mtendwa, na katika sentensi hiyo hapana nafasi iliyobaki ya mtu wa tatu. Wizara haimo, mkuu wa hospitali hayumo, mpanga zamu hayumo. Si kwamba mafundisho ya asili ndiyo yaliyosema hivyo. Maelezo yaliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwezi Machi 2020 yaliwaambia watumishi kuwa kuelemewa si dalili ya udhaifu, kisha yakawageukia viongozi na kuwapa kazi: wawahamishe watu kutoka mahali pazito kwenda mahali pepesi kwa zamu, wamwoanishe mgeni wa kazi na mzoefu, wahakikishe mapumziko yanachukuliwa. Hayo ni matendo yenye mtenda mwingine. Yanapopungua kuwa «jitunze» katika bango, nusu ya mafundisho imeanguka njiani, tena ile nusu yenye gharama. Ndiyo maana methali ya wazee yafaa kurudiwa: mganga hajigangi. Imetumia kiambishi kilekile, lakini kwa kukikanusha.

Wako watakaopinga, na hoja zao zina uzito. Watasema kwamba «afya ya akili» limekwisha kuenea, na kulibadilisha ni kuwachanganya watu. Watasema pia kwamba moyo una hatari yake, maana «ugonjwa wa moyo» ni maradhi ya kiungo kilichomo kifuani, na mtu aweza kupelekwa kwenye mashine badala ya kusikilizwa. Watasema tena kwamba aibu haikai katika neno bali katika watu, na neno jipya hupakwa masizi yaleyale baada ya miaka michache. Hoja ya tatu ni kweli kwa majina, na ndiyo sababu dawa haipaswi kutafutwa katika jina jingine. Sheria, takwimu na vyuo viendelee na «afya ya akili». Lakini mtu anaposemeshwa uso kwa uso, asemeshwe kwa vitenzi: umeelemewa na nini? Nani amekuchosha? Umeingiwa na hofu tangu lini? Kitenzi hakimpi mtu lebo ya kutembea nayo, na kwa kuwa swali limeulizwa kwa kutendwa, jibu lake halina budi kumtaja mtenda. Hivyo hata hatari ya moyo huondoka, maana hakuna aliyetajiwa ugonjwa.

Kazi inayofuata ni ya vyuo na mabaraza ya lugha pamoja na wizara za afya: kuyakusanya maneno ya dhiki na faraja kama yasemwavyo Pemba, Bukoba, Mombasa, Bunia na Goma, bila ya kuyasafisha kwanza; kuyasoma mbele ya wauguzi kabla ya kuyachapa; na katika kila mwongozo kuhesabu vitenzi vyenye -ji- na vile vyenye mtenda mwingine. Hesabu hiyo ni nyepesi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aiweza. Itaonyesha mara moja ni nani aliyebebeshwa mzigo na ni nani aliyeachwa nje ya sentensi. Nayo yafaa ifanywe sasa, kukiwa shwari, kwa sababu maradhi yajapo hakuna atakayekuwa na nafasi ya kutafuta maneno.